Kijana wangu anaenda kozi ya jeshi, mimi silali kwa sababu ya meno yake

Shikamoo dokta. Jina langu naomba ulifiche, niite tu Mama Kuruta maana ndo cheo changu kipya.

Nina kijana wa kiume, miaka 19, kachaguliwa kwenda mafunzo ya awali ya jeshi, kuripoti bado kama miezi miwili na nusu hivi. Nyumba nzima inashangilia, baba yake ndo usiseme, anatembea kifua mbele utadhani kachaguliwa yeye. Na mimi nafurahi, sio kwamba sifurahi, ila kuna kitu kinanikaba hapa kooni na kila nikikisema nachekwa. Meno ya huyu mtoto.

Huyu toka mdogo meno yake ni kesi. Amevaa waya miaka, zimetolewa juzijuzi tu na sasa ana riteina, kile kifaa cha kuzuia meno yasirudi yalikotoka, ya kuvaa usiku. Gego moja la chini kushoto lilitibiwa mzizi mwaka jana, daktari akamwambia kabisa rudi tukuvalishe krauni, ile kofia ya kulifunika jino, hajarudi mpaka leo, kila nikimuuliza ni "mama ntaenda wiki ijayo". Halafu upande wa kulia kule mwisho kabisa kuna lile jino la hekima limechomoza nusu, nusu lipo ndani ya fizi, kila baada ya muda panavimba mpaka anashindwa kufungua mdomo, anasukutua maji ya chumvi, linatulia, basi kasahau.

Sasa dokta nisaidie maana nimesikia mengi. Nasikia kule kula ni dakika chache, kulala ndo hivyo hivyo, sasa mswaki atapiga saa ngapi? Likimuuma usiku atamwambia nani? Jirani mmoja alishapita huko kasema ukienda zahanati mara mbili tatu unaitwa doja, yaani mtegaji, na ukikosa mafunzo siku nyingi unarudishwa kuanza upya na kundi linalofuata, kwa hiyo watu wanakaa kimya tu wanaumia. Mwingine ndo kanimaliza kabisa, eti jino likiuma hawana muda wa kuziba wala nini, wanang'oa, tena ganzi ni bahati yako.

Kuna na fomu ya afya kwenye zile karatasi, wanauliza kama ana tatizo lolote la meno au amewahi kufanyiwa nini. Baba yake na mjomba wake wote wamesema aandike hakuna, asije akakatwa kwa ajili ya jino. Baba yake kauli yake ni moja tu, "jeshi haliangalii meno, linaangalia miguu." Mimi moyo unakataa lakini nitasemaje, mimi sijawahi kuwa mwanajeshi.

Nilichopanga ni nimfungie vidonge vya maumivu vya kutosha na zile antibaotiki zilizobaki alipovimba mara ya mwisho, avifiche kwenye begi. Pia nitafute namba ya mkuu wa pale kambini nimweleze mapema hali ya mwanangu. Je nakosea?

Halafu la mwisho, kaniambia kuna ngumi na mambo ya kupigana mikono mitupu. Niliyolipia waya miaka yote ile nimekosa raha kabisa. Kuna kitu cha kuvaa?

Mama Kuruta

---

Marahaba mama, na hongera ya kijana.

Nianze na mzee nyumbani maana yeye ndo kashika usukani wa hiyo fomu. Mwambie hivi, jeshi linaangalia meno, na limeanza kuangalia kabla babu yake hajazaliwa. Kwenye vita ya wenyewe kwa wenyewe kule Marekani, 1861 mpaka 1865, risasi zilikuwa zinafungwa kwenye karatasi pamoja na baruti na askari anairarua kwa meno ndo ashindilie bunduki, kwa hiyo asiye na meno ya mbele hafai kwa bunduki, na kuna watu walijing'oa meno makusudi wasipelekwe vitani. Mwaka 1914 huko Ufaransa, Douglas Haig, jenerali wa Uingereza mwenye maelfu ya watu chini yake, kashikwa na jino katikati ya mapigano na jeshi lake lilikuwa halijaenda na daktari wa meno hata mmoja, ikabidi aitwe daktari kutoka Paris. Wamarekani walishaunda kikosi cha madaktari wa meno 1911, Waingereza wakaunda cha kwao 1921. Hawakufanya hivyo kwa huruma mama. Askari anayeumwa jino hali, halali, hasikii anachoambiwa, na huwezi kumwachia bunduki mtu wa hivyo.

Mi nimekaa kwenye kliniki ya meno ya jeshi muda wa kutosha, makuruta nimewaona wakiingia wengi sana, kwa hiyo ninachokwambia sio cha kusimuliwa. Ila kila jeshi lina utaratibu wake na hata kambi na kambi zinatofautiana, kwa hiyo zile karatasi mlizopewa zisomeni neno kwa neno, na pale nilipoongea kwa ujumla muulizeni afisa anayeshughulikia usajili.

Kinachotokea mara nyingi ni hiki. Siku za mwanzo mwanzo wanapimwa, na meno yamo. Atakaa kwenye kiti, atapigwa eksirei, sehemu nyingi ni ile picha kubwa inayochukua taya nzima kwa mara moja, na picha ile inatunzwa kwenye faili lake kwa sababu mbili, moja ni matibabu, ya pili sitaki kuikalia sana kwa mama mwenye kijana anayeondoka lakini ukweli ni kwamba meno yanamtambulisha mtu pale vitu vingine vikishindwa. Baada ya hapo anapangiwa daraja. Marekani kwa mfano wana madaraja manne, la 1 ni mtu ambaye hana cha kutibiwa, la 2 ana vitu vidogo vidogo vya kusubiri, la 3 ni yule ambaye wanaona ndani ya miezi 12 jino litamletea dharura, na la 4 ni ambaye hajapimwa au kipimo chake kimepita mwaka. Wa daraja la 3 huwa wanatafutwa watibiwe, ama hapo hapo kwenye kozi ama wakishamaliza.

Sasa kijana wako kwa ulivyomuelezea, akiingia leo hivyo alivyo, mimi ningemuandika la 3 bila kufikiria mara mbili. Gego la mzizi halina krauni, na jino la hekima lina historia ya kuvimba. Uzuri ni kwamba una miezi miwili na nusu mkononi na hiyo inatosha kabisa, mradi muanze wiki hii na sio ile "wiki ijayo" yake.

Gego lipewe kipaumbele. Jino lililotibiwa mzizi limechimbwa katikati, kuta zilizobaki ni nyembamba, na pale alipozibwa mwaka jana huenda ni kizibo cha muda tu ambacho kilitakiwa kiishi wiki chache. Anatafuna kitu kigumu siku moja, linapasuka, na likipasuka kuelekea chini kwenye mzizi hamna tena cha kuokoa, linang'olewa. Hapo ndo zile stori za "jeshi wanang'oa" zinapozaliwa, mtu kaenda na jino nusu mfu kalipasua wiki ya tatu, unategemea daktari afanye nini? Krauni kwa kawaida inataka awamu mbili, kusaga na kupima, halafu kuvalisha, katikati kuna kusubiri maabara. Na kabla ya kuvalisha daktari apige picha kwanza aone kama ule mzizi uko salama, maana jino limekaa mwaka mzima hivyo hivyo na mate yanaweza kuwa yamepenya.

Jino la hekima lisiachwe mpaka mwisho. Hiyo hali yake ni ya umri wake, kati ya miaka 17 na 25 ndo linasumbua sana, jino limechomoza nusu na fizi imelifunika kama kifuniko, chakula kinaingia chini yake hakitoki, wadudu wanafurahi, panavimba. Maji ya chumvi yanatuliza kweli lakini mfuko wenyewe unabaki pale pale, na mtu akikosa usingizi, akichoka, mswaki ukawa wa kulipua, ndo panaamka. Yaani kozi nzima imetengenezwa kumuamsha huyu mdudu. Kama limeshavimba zaidi ya mara moja madaktari wengi watakwambia litoke, na mimi nipo upande huo. Lakini lipigwe picha kwanza, mizizi ya meno ya chini kule nyuma wakati mwingine inapita jirani na mshipa wa fahamu wa taya na daktari anatakiwa aone anakwenda wapi kabla hajaingiza mkono.

Tena sikiliza hapa kwa makini, kama linatolewa litolewe mapema. Nimeona wazazi wanakimbiza mtoto kung'oa wiki ya mwisho wakidhani wanamsaidia, mtoto anaripoti na shimo bichi mdomoni, keshokutwa anakimbia kilomita, analala kidogo, anavuta sigara na wenzake, lile bonge la damu linalotakiwa kuziba shimo linatoka na mfupa unabaki wazi. Maumivu yake yanakuja siku ya 3 hivi baada ya kung'oa, yanapiga mpaka sikioni, hata wale wanaojiita wagumu wanalia. Mpe mwezi mzima kati ya kung'oa na kuripoti, zaidi ya hapo ni bora zaidi. Kama ratiba haikubali basi heri lisafishwe chini ya kifuniko, aende na karatasi ya daktari inayoeleza hali yake, kuliko kung'oa siku mbili kabla ya basi.

Riteina nayo tusiisahau. Majeshi mengi hayataki mtu aje na waya ambazo matibabu yake yanaendelea, kwa hiyo hapo mmewahi vizuri. Riteina kwa kawaida haina shida, Marekani wanairuhusu, lakini muulize afisa. Ila najua vijana, riteina ya kuvua inawekwa kwenye tishu, tishu inatupwa, kwaheri. Au inaoshwa na maji ya moto inajikunja. Kwa kuwa waya zimetoka juzi meno bado yana hamu ya kurudi yalikotoka, wiki chache tu bila riteina utaona yanasogea. Mi ningekuwa wewe ningemuuliza daktari wake wa waya habari ya kale kawaya kembamba kanakogundishwa nyuma ya meno ya mbele, hakavuliwi hakapotei, na hiyo ya kuvua abaki nayo kama ya akiba kwenye kiboksi chake kigumu chenye jina.

Haya, fomu. Aandike ukweli. Sio kwa sababu mimi ni mtu wa maadili sana, ni kwa sababu uongo wa meno hauishi hata siku moja pale. Kizibo cha chuma kwenye eksirei kinang'aa cheupe, mzizi uliotibiwa unaonekana kama mstari mweupe unaoshuka ndani ya jino, krauni ndo kabisa. Daktari anaangalia picha, anaangalia fomu imeandikwa hakuna, na hapo tatizo linahama kutoka kwenye jino linakuwa la uaminifu, na kudanganya kwenye karatasi za kujiunga ni kosa ambalo majeshi yanafukuzia watu. Jino lililotibiwa likapona halimkati mtu. Aandike "gego limetibiwa mzizi mwezi fulani, limevalishwa krauni mwezi fulani", na abebe kopi ya picha zake na barua ya daktari. Mjomba mwambieni apumzike kwenye hili.

Ganzi. Mama, ganzi ipo. Kung'oa bila ganzi hakumsaidii hata daktari mwenyewe, mgonjwa anarukaruka jino linakatikia ndani. Kilicho kweli kidogo kwenye hizo stori ni kwamba kutibu mzizi kunachukua muda na mara nyingi mtu anarudi zaidi ya mara moja, na kuruta kila akija kliniki kuna kitu anakosa huko uwanjani, kwa hiyo kuna mazingira ambayo kung'oa kunapendekezwa mapema kuliko huku uraiani. Ana haki ya kuuliza. Afande kwenye koti jeupe bado ni daktari, mfundishe sentensi moja ya adabu, "samahani afande, kuna namna ya kuliokoa?" Akijibiwa hakuna, sawa, lakini ameuliza.

Mswaki. Muda upo, mdogo ila upo, kinachokosekana ni nguvu za kusimama pale bombani wakati kitanda kinamuita. Wa usiku ndo asiuache kabisa, ule kabla ya kulala, kwa sababu usingizini mate yanapungua na mate ndo mlinzi. Dakika 2, dawa yenye floraidi, akitafuta kwenye boksi aone 1350 mpaka 1500 ppm, akimaliza ateme tu asisukutue na maji, ile floraidi iliyobaki ifanye kazi usiku. Siku maji hamna apige mswaki mkavu, afadhali kuliko hamna. Mswaki wenye kifuniko kwa ajili ya siku za porini, na asimwazime mtu, udugu wa kambini una mipaka. Kinachowaharibia wengi, kwa nilivyoona, ni vile vinywaji vya kuongeza nguvu na pipi wanazolamba wakiwa zamu ya ulinzi ili wasisinzie, kidogo kidogo usiku kucha. Sukari inayokuja kila nusu saa ni mbaya kuliko iliyokuja mara moja na chakula.

Kuna ugonjwa wa fizi ambao vita ya kwanza ya dunia uliwatesa askari waliokuwa wanaishi kwenye mahandaki, na bado upo, unawapata vijana wenye msongo, wasiolala, wavuta sigara, wachafu wa mdomo, vyote kwa pamoja. Ncha za fizi katikati ya meno zinaliwa zinakuwa za kijivu, damu inatoka yenyewe, mdomo unanuka harufu ambayo mwenzake wa kitanda cha jirani ataisikia kabla yake. Unauma sana. Akiona hivyo asisubiri, unatibika haraka ukiwahiwa.

Na hapa sasa ndo penye shida yenyewe, mengine yote yana dawa. Ukimya. Hicho alichokwambia jirani sio uongo, doja wapo, maafande wanawajua, na kuruta yeyote mwenye akili anaogopa kuwekwa kundi hilo. Kukosa siku nyingi na kurudishwa nyuma nako kupo. Sasa kijana anapiga hesabu, nikisema jino linauma nitaonekana mtegaji, ngoja nivumilie mpaka tumalize. Anavumilia siku ya kwanza, ya pili, siku ya nne uso umevimba anabebwa, na pale ambapo angekosa asubuhi moja anakosa wiki. Kurudishwa nyuma kwa ajili ya jino mara nyingi ninazozijua mimi kulitokana na kuchelewa kusema, sio kusema. Hilo mueleze wewe na baba yake mkiwa pamoja, na bora zaidi litoke mdomoni kwa baba, maana kijana wa miaka 19 mama akisema nenda hospitali anasikia huruma, baba akisema anasikia ruhusa.

Mpe na lugha ya kusema. "Afande, jino linauma" ni maneno ya kila mtu. "Afande, gego la chini kulia linauma toka juzi, usiku limeniamsha, siwezi kutafuna upande huu" hayo ni maneno ya mtu anayeumwa. Aseme asubuhi kwenye utaratibu wao wa wagonjwa, asingoje kwata ianze ndo akumbuke, kwa sababu doja ndo huwa anaumwa pale tu zoezi linapoiva.

Kuna hali ambazo hata saa nane usiku aamshe mtu, na hapo aibu aiweke pembeni. Uvimbe unaopanda kuelekea jichoni au unaoshuka chini ya kidevu kwenda shingoni, kushindwa kumeza mate, mdomo kutofunguka pamoja na homa, kupumua kwa shida, sauti kubadilika. Usaha wa jino ukishuka shingoni unaweza kuziba njia ya hewa, watu wamekufa kwa hilo na wanaendelea kufa. Hii sehemu muandikie kwenye karatasi akae nayo.

Ndo maana mpango wako wa vidonge nasema hapana mama. Kwanza begi linakaguliwa, dawa zitachukuliwa na ataanza maisha na maelezo. Pili antibaotiki zilizobaki ni dozi pungufu, zinapunguza uvimbe siku mbili, jino bovu lipo palepale, halafu linarudi na hasira. Tatu, na hii watu wengi hawaijui, hivi vidonge vya maumivu vya jamii ya ibuprofeni mtu akivimeza mfululizo huku anakimbia juani na maji mwilini yamepungua vinaweza kuumiza figo, na kuruta anayekula dawa kwa siri hakuna anayejua amekula ngapi. Na kidonge cha aspirini asikibandike kwenye fizi, kinaichoma. Kama kuna dawa anayotumia kwa maelekezo ya daktari iandikwe, aende na cheti chake, wenyewe watamwambia inatunzwa wapi.

Kumpigia mkuu wa kambi pia sikushauri. Najua unaona ni busara, lakini fikiria wakufunzi wamesikia mama wa fulani kapiga simu kuhusu meno, hilo jina atakalopewa litamfuata mpaka siku ya kuhitimu. Yeye ni mtu mzima sasa, faili lake ndo litaongea kwa niaba yake, barua ya daktari ndani ya faili ina nguvu kuliko simu yako. Ikitokea dharura ya kweli ya kifamilia kambi nyingi zina ofisi au kiongozi wa dini anayepokea taarifa za familia, namba yao kaa nayo, lakini ni kwa ajili ya hiyo tu. Simu yake mwenyewe wiki za mwanzo huenda asiwe nayo kabisa, kwa hiyo ukikaa kimya bila habari usianze kutunga msiba. Siku akiruhusiwa kupiga atakuwa na dakika chache na wenzake wamepanga foleni nyuma yake, usimuulize "meno yanaendeleaje", atakwambia poa. Muulize anatafunia upande gani. Akisema pande zote, ongeleeni mengine.

La ngumi. Kipo, ni gadi ya mdomo, na sehemu nyingi wanapewa zile za kuchovya maji ya moto halafu unang'ata inachukua umbo la meno yako. Zinafaa. Daktari wa meno anaweza kumtengenezea ya vipimo vyake ambayo inakaa vizuri zaidi, ila kwa yeye ambaye waya zimetoka juzi na pengine anawekewa krauni, subirini kazi yote iishe ndo apimwe, la sivyo haitamkaa. Muulizeni afisa kama anaruhusiwa kwenda na ya kwake. Riteina avue kabla ya kupigana, isiwe mdomoni.

Na jino likiruka lote na mzizi wake, alishike kwa upande wa kutafunia asiguse mzizi, kama limeingia mchanga alipitishe kwenye maji au maziwa sekunde chache bila kulisugua, alirudishe kwenye shimo lake mwenyewe ang'ate kitambaa, aende kliniki mbio. Akishindwa kulirudisha aliweke kwenye maziwa, sio kwenye maji, na lisikauke. Dakika zinahesabika, likipita saa moja kavu uwezekano wa kupona vizuri unashuka sana. Wafundishe na wenzake, maana siku hiyo yeye huenda anaona nyota na mwenye akili timamu atakuwa aliyempiga.